Kambi za Vijana Pwani ya Uskoti: Kumbukumbu Zake na Funzo kwa Mwalimu

Wanachuo wanaporejea kutoka katika mazoezi ya kufundisha, huwa tunayapitia pamoja nao maandalio yao ya masomo. Mara nyingi tunakuta katika safu ya kazi za wanafunzi pameandikwa neno "ziara", na mbele yake mstari mmoja tu: "Wanafunzi wataangalia mazingira." Hapo huwauliza maswali matatu. Wataangalia nini? Wakiwa na kazi gani mikononi? Na miaka thelathini baadaye watakumbuka nini? Maswali mawili ya kwanza hujibiwa bila taabu. La tatu huwashangaza wengi, nalo ndilo makala hii inalojaribu kulijibu.

Ili kulijibu swali hilo hatuna budi kuwaendea watu ambao miaka thelathini hiyo imekwisha kuwapitia. Tumechagua mfano wa kambi za vijana za majira ya joto katika pwani ya magharibi ya Uskoti. Sababu yetu ni kwamba kambi hizo zina mwanzo unaojulikana, zimedumu kwa zaidi ya miaka mia moja, na watu wengi waliokaa humo utotoni wamesimulia na kuandika waliyoyakumbuka. Tukizisoma kumbukumbu hizo kwa makini, tunaona jambo moja linalomhusu kila mwalimu: kumbukumbu huhifadhi kazi aliyoifanya mtoto, bali husahau kazi aliyoifanya mkubwa ili ile ya mtoto iwezekane. Mwalimu anahitaji kuzijua zote mbili.

ASILI YA KAMBI HIZI

Katika karne ya 19 mji wa Glasgow ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya viwanda duniani. Meli ziliundwa huko, garimoshi zilitengenezwa huko, na maelfu ya watu walihamia huko kutafuta kazi. Familia nyingi ziliishi katika chumba kimoja au viwili, ndani ya majengo marefu yaliyosongamana na kuzungukwa na moshi. Vijana wengi waliacha shule mapema wakaingia viwandani na madukani.

Katika mji huo aliishi William Alexander Smith, aliyezaliwa mwaka 1854 karibu na Thurso, kaskazini kabisa mwa Uskoti. Alikuwa mfanyabiashara, tena ofisa katika jeshi la kujitolea, na siku za Jumapili alifundisha watoto katika shule ya kanisa. Kama walimu wengi wa siku zile na wa siku hizi, alipata taabu na wavulana wakubwa: walichoka kukaa kimya, wakafanya fujo, hatimaye wakaacha kuja. Smith aliona kwamba vijana wale wale waliomshinda kwa maneno wangeweza kutiishwa kwa utaratibu na kazi ya pamoja. Tarehe 4 Oktoba 1883 alianzisha kikundi alichokiita Boys' Brigade. Kikafuata vikundi vingine, kwanza katika Uskoti na baadaye katika nchi nyingi.

Upungufu mmoja ulibaki. Wakati wa likizo kubwa ya mwezi Julai wavulana walitawanyika, na kazi ya mwaka mzima ikapoa. Kwa hiyo mwaka 1886 Smith alikichukua kikundi chake cha Glasgow akakipeleka kwa wiki moja Tighnabruaich, mji mdogo wa pwani katika wilaya ya Argyll. Jambo hilo halikuwa jepesi. Siku hizo neno "kambi" lilimaanisha askari, na wazazi waliogopa watoto wao wasije wakaugua kwa kulala penye baridi na unyevu. Ndiyo sababu katika kambi ile ya kwanza wavulana hawakulala katika mahema, bali katika ukumbi. Mahema yalikuja kuwa desturi baadaye, imani ya wazazi ilipokwisha kupatikana. Mwanachuo na aangalie hatua hiyo: Smith hakubishana na hofu ya wazazi, aliipa nafasi katika mpango wake.

Kutoka pwani ile wazo la kambi lilisafiri mbali. Mwaka 1904 Robert Baden-Powell alihudhuria gwaride la Boys' Brigade mjini Glasgow, na Smith akamshauri aandike kitabu cha kuwafaa vijana. Mwezi Agosti 1907 Baden-Powell alifanya kambi ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, pamoja na wavulana wapatao 20. Baadhi yao walitoka katika vikundi vya Boys' Brigade vya Poole na Bournemouth, na wengine katika shule za watu wenye uwezo. Mwaka uliofuata kitabu chake kilichapishwa, na chama cha Skauti kikaenea duniani. Chama cha wasichana, Girl Guides, kilifuata mwaka 1910, kwa kuwa wasichana hawakukubali kuachwa nyuma. Baden-Powell mwenyewe alifariki tarehe 8 Januari 1941 huko Nyeri, Kenya, na ndiko alikozikwa. Basi mwalimu wa Afrika Mashariki anayewaona wanafunzi wake wakifunga vitambaa vya Skauti shingoni anaona tawi la mti ambao mzizi wake mmoja uko Tighnabruaich.

Shule nazo ziliingia katika kazi hii. Kwa Sheria ya Kambi ya mwaka 1939, kambi tano za majengo ya mbao zilijengwa Uskoti: Belmont, Broomlee, Dounans, Glengonnar na Middleton. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ziliwapokea watoto walioondolewa mijini kwa hofu ya mabomu. Baada ya vita, madarasa mazima kutoka mijini yalikwenda huko pamoja na walimu wao. Kambi hizo tano hazikuwa pwani. Lakini zilithibitisha kwamba kambi inaweza kuwa sehemu ya masomo, wala si mapumziko tu.

MAHALI NA MAJIRA

Kabla ya kusoma kumbukumbu za watu, yafaa tujue mahali walipokuwa. Jina Tighnabruaich latokana na lugha ya Kigaeli, na maana yake ni "nyumba iliyo kwenye mteremko". Mji huo umekaa kando ya mlango mwembamba wa bahari uitwao Kyles of Bute, na ng'ambo yake ni kisiwa cha Bute. Vilima huteremka hadi majini. Kwa miaka mingi njia iliyozoewa ya kufika huko kutoka Glasgow ilikuwa meli ya moshi, iliyoteremka mto Clyde ikipita gati moja baada ya jingine. Katika nusu ya pili ya Julai viwanda vya Glasgow vilifungwa kwa likizo iliyoitwa Glasgow Fair, na makumi ya maelfu ya watu waliifuata njia hiyo kwenda Dunoon, Rothesay, Largs na Millport.

Hapa mwalimu aangalie neno "majira ya joto". Mwanafunzi wetu akisikia hivyo hufikiria kiangazi chetu, yaani jua kali na ardhi kavu. Pwani ya magharibi ya Uskoti haiko hivyo. Upepo kutoka bahari ya Atlantiki huleta mawingu, na mvua hunyesha hata katikati ya Julai. Mchana wa joto la nyuzi 18 za Selsiasi huhesabiwa kuwa mzuri, na maji ya bahari ni baridi kiasi cha kumkata mtu pumzi. Lakini mchana ni mrefu mno. Kwa kuwa mahali hapo pako karibu nyuzi 56 kaskazini mwa Ikweta, mwezi Julai jua huchwa karibu saa nne za usiku kwa saa za huko sasa, na mwanga hubaki angani kwa muda baadaye. Hebu fikiri kazi ya kiongozi anayetaka watoto wapatao 60 walale wakati nje bado kunaonekana!

Kuna na usubi. Wadudu hawa wadogo huuma kwa makundi asubuhi na jioni, hasa hewa inapokuwa na unyevu na upepo umetulia. Hawapendi upepo wala jua kali. Kwa hiyo kiongozi mwenye ujuzi hakuyaweka mahema bondeni penye kivuli na utulivu, ingawa pangeonekana pazuri. Aliyaweka mahali panapopigwa na upepo kidogo. Aliyeweka bondeni alijifunza usiku wa kwanza, na watoto wake walijifunza pamoja naye.

MAMBO YANAYOKUMBUKWA

Mtu akisoma au akisikiliza kumbukumbu nyingi za kambi za namna hii, ataona kwamba mambo yale yale hurudi. Kwanza ni safari: mzigo uliofungwa kwa kamba, meli, harufu ya mafuta ya mitambo, na gati lililojaa watu. Pili ni hema. Kwa miaka mingi vikundi vilitumia mahema ya duara yenye nguzo moja katikati. Wavulana walilala kama miale ya gurudumu, miguu ikielekea nguzoni na vichwa vikielekea ukingoni, juu ya magodoro waliyoyajaza wenyewe majani makavu. Tatu ni jikoni: uji wa oti wenye masizi, viazi visivyokwisha kumenywa, na sufuria kubwa ambayo lazima isuguliwe kwa mchanga. Nne ni sauti: tarumbeta ya asubuhi, mvua juu ya turubai, na nyimbo kando ya moto. Tano ni bahari.

Tukichungua orodha hiyo tunaona kwamba sehemu yake kubwa si burudani, bali ni kazi. Tuchukue mfano wa kamba za hema. Kamba za katani na pamba zikilowa hujikaza na kufupika. Mvua ikinyesha usiku na kamba hazikulegezwa, vigingi hung'oka au turubai huchanika. Kwa sababu hiyo kila hema lilikuwa na mvulana wa zamu aliyepaswa kulegeza kamba kabla ya kulala, na kuzikaza tena zikikauka. Akisahau, wenzake wote waliamka wamelowa. Hakuhitaji kupewa alama wala kukemewa. Matokeo ya kazi yake yalionekana kabla ya kupambazuka. Kadhalika kila mtoto alijua kwamba turubai lililolowa halipaswi kuguswa kwa ndani, kwani palipoguswa maji huanza kupenya. Mtu aliyejifunza hivyo hukumbuka hata uzeeni.

Kazi ya namna hiyo ina sifa tatu. Ilikuwa ya lazima, maana isipofanyika kuna atakayeumia. Ilikuwa ndani ya uwezo wa mtoto. Tena matokeo yake yalionekana upesi, na yeye mwenyewe aliyaona bila kuambiwa. Tunaposema kwamba elimu iwe ya vitendo, tungekuwa na sifa hizi tatu kama kipimo. Kazi za mikono ambazo mwalimu hubuni ili kuwashughulisha wanafunzi tu, kama vile kuhamisha mawe kutoka pembe hii ya uwanja hadi pembe ile, hazina hata moja kati ya hizo mbili zilizo kubwa: hazina ulazima, wala hazina matokeo. Mtoto hutambua mara moja, na hakuna atakachokumbuka ila uchovu.

Jambo jingine linalokumbukwa ni zamu. Katika kambi iliyopangwa vizuri mwana wa karani na mwana wa mchukuzi wa bandarini walimenya viazi kutoka gunia moja. Jikoni hapakuulizwa mtu amevaa nini nyumbani. Hata hivyo tusidanganyike kwamba kambi ilifuta tofauti zote. Tofauti zilirudi siku ile meli iliporudi mjini. Lakini kwa wiki moja watoto waliona kwa macho kwamba kazi inaweza kugawanywa kwa haki, na hilo ni somo ambalo hotuba haiwezi kulifundisha.

MAMBO YASIYOKUMBUKWA

Sasa tufike upande wa pili. Katika kumbukumbu nyingi jua huwaka, chakula ni kitamu, na wote ni marafiki. Lakini vikundi vingi viliandika pia daftari ya kambi siku kwa siku, na daftari mara nyingi hueleza habari nyingine: mvua siku nne kati ya saba, mtoto mwenye homa, unga uliolowa. Mzee hasemi uongo. Kumbukumbu imechagua, kama mkulima anavyochagua mbegu, na zile zilizooza imezitupa.

Kitu cha kwanza kilichotupwa ni kazi ya viongozi. Mtoto hakumwona kiongozi alipofika shambani miezi mitatu kabla, kuomba ruhusa ya mwenye shamba, kuonja maji ya kisima na kupima umbali kutoka choo hadi jiko. Hakumwona akihesabu fedha usiku. Hakujua kwamba wakati wa kuogelea kulikuwa na mkubwa aliyesimama majini mahali pa kina, na mwingine ufukoni aliyehesabu vichwa. Hakujua kwa sababu kazi hiyo ilifanywa vizuri. Ulinzi mwema hauonekani. Unaonekana siku unapokosekana.

Siku hiyo imewahi kuja. Tarehe 4 Agosti 1912 wavulana 9 walikufa maji karibu na Leysdown, katika kaunti ya Kent huko Uingereza, mashua yao ilipopinduliwa na upepo wa ghafla. Walikuwa Skauti kutoka London waliokuwa wakienda katika kambi yao ya majira ya joto, pamoja na kijana mmoja wa meli ya mafunzo. Miaka 81 baadaye, tarehe 22 Machi 1993, wanafunzi 4 kutoka Plymouth walikufa katika ghuba ya Lyme, kusini mwa Uingereza, wakiwa safarini kwa mitumbwi na wakufunzi wa kituo cha michezo ya nje. Msiba huo ndio uliosababisha sheria ya mwaka 1995 inayovitaka vituo vya namna hiyo kukaguliwa na kupewa leseni. Hatuyataji haya ili kumtisha mwanachuo asitoke nje ya darasa. Tunayataja kwa sababu wazazi wanaotukabidhi watoto hawatukabidhi alama za mtihani. Wanatukabidhi uhai wao.

Kitu cha pili kilichotupwa ni uchungu wa wachache. Katika kila kambi yupo mtoto aliyelia usiku akikumbuka nyumbani, yupo aliyekojoa kitandani na kuchekwa, na yupo aliyesukumwa majini na wakubwa wake kwa mzaha. Watoto hao hawaandiki kumbukumbu za kambi, wala hawaji katika mikutano ya wazee wa kambi. Kwa hiyo mwalimu anayesikia sifa tupu ajiulize: ni nani hayupo hapa kusimulia?

Kitu cha tatu ni yule ambaye hakwenda kabisa. Kambi ilikuwa na gharama, na katika vikundi vingi wavulana waliweka akiba ya peni chache kila wiki tangu majira ya baridi. Mpango huo ulikuwa wa hekima, kwa sababu ulimwezesha mtoto maskini kulipa kidogo kidogo bila kuomba. Lakini baba akipoteza kazi, hata peni hizo hazikupatikana. Mtoto aliyebaki gatini akiwapungia mkono wenzake alijifunza jambo pia, nalo halikuwa jambo tulilotaka ajifunze.

KUTUMIA KUMBUKUMBU DARASANI

Kumbukumbu za watu wazima ni zana ya kufundishia isiyogharimu fedha, nayo inapatikana kila kijiji. Kila mahali pana mzee aliyewahi kukaa kambi ya Skauti, jando, shule ya bweni, kambi ya ujenzi wa taifa au kambi ya wavuvi. Lakini zana hii, kama zana nyingine, ina namna yake ya kushikwa. Tunapendekeza hatua zifuatazo.

Kwanza, wanafunzi watayarishe maswali mapema. Swali kama "Je, kambi ilikuwa nzuri?" huleta jibu moja tu: "Ndiyo, ilikuwa nzuri." Waulize mambo yanayoshikika: Siku ya kwanza mlikula nini? Nani alipika? Mlilala wangapi? Mvua iliponyesha mlifanyaje? Wewe binafsi ulikuwa na kazi gani? Ni nani aliyeugua? Ni nani ambaye hakuweza kuja?

Pili, wasikilize mashahidi wawili au zaidi juu ya jambo moja, kisha wachore jedwali lenye safu tatu: yale waliyokubaliana wote, yale waliyotofautiana, na yale ambayo hakuna aliyeyataja. Safu ya tatu ndiyo ngumu, nayo ndiyo inayowafundisha watoto kufikiri kama wanahistoria.

Tatu, kumbukumbu zilinganishwe na maandishi au vitu vilivyobaki, kama vile picha, barua, daftari au stakabadhi. Pakiwa na tofauti, mwalimu asikimbilie kusema nani amekosea. Awaulize wanafunzi ni kwa nini mtu angekumbuka hivyo. Tena wafundishwe adabu: mzee akikataa swali, liachwe.

Kutoka katika kumbukumbu hizo mwalimu anaweza kupata kazi za masomo mengine. Katika hesabu, hema la duara lenye kipenyo cha mita 4 lina eneo la mita za mraba zipatazo 12.6, wakilala watoto 8, kila mmoja anapata kiasi gani? Mvulana wa Glasgow aliyeweka peni 3 kila wiki kwa wiki 40 alikuwa na peni 120. Kwa kuwa kabla ya mwaka 1971 shilingi moja ya Uingereza ilikuwa na peni 12, alikuwa na shilingi ngapi? Katika sayansi, wanafunzi wapime kamba ya katani ikiwa kavu, wailoweshe, kisha waipime tena. Katika jiografia, waeleze kwa nini mchana wa Julai ni mrefu Tighnabruaich kuliko kwao. Walio pwani waandike saa ya maji kujaa kila siku kwa wiki mbili. Wataona kwamba kila siku huchelewa kwa dakika zipatazo 50, na kwamba bamvua na maji mafu hufuatana na mwezi. Jambo hilo kiongozi wa kambi ya Kyles of Bute alihitaji kulijua kama anavyolijua mvuvi wa pwani yetu, kabla ya kumruhusu mtoto yeyote aingie majini.

KUTOKA KATIKA KUMBUKUMBU HADI MPANGO

Huenda mwanachuo atapangiwa shule ambayo haina fedha za kambi ya wiki nzima. Siku moja na usiku mmoja katika uwanja wa shule jirani zatosha kuanzia. La muhimu ni kwamba mpango wake uwe na kurasa mbili, wala si mmoja.

Ukurasa wa kwanza ni wa watoto. Humo kila mtoto ameandikiwa kazi yenye sifa zile tatu: ya lazima, inayowezekana, na yenye matokeo yanayoonekana. Zamu zizunguke, ili wasichana wasifungwe jikoni na wavulana wasifungwe kwenye kamba. Mtoto mwenye ulemavu apewe kazi ambayo kambi inaitegemea kweli, kama vile kutunza saa, kuweka hesabu ya chakula au kupiga filimbi ya kukusanyika. Asipewe kiti cha kutazamia wenzake.

Ukurasa wa pili ni wa mwalimu. Humo ameandika siku aliyokwenda kupatazama mahali kabla ya watoto. Maji yanatoka wapi na yatachemshwa na nani. Zahanati iko umbali gani na usafiri wa usiku ni upi. Nani atahesabu watoto, na saa ngapi. Karibu na maji ahesabu kabla ya kuingia, wakati wa kuogelea na baada ya kutoka, na aliyepewa kazi ya kuhesabu asiwe na kazi nyingine. Mwalimu aandike pia majina ya watoto ambao wazazi wao hawataweza kuchanga, na namna watakavyokwenda bila kutangazwa mbele ya wenzao. Kama namna hiyo haijapatikana, siku ya kambi isipangwe bado. Mwisho aandike ni mkubwa gani watoto watamwendea usiku wakiwa na hofu au wakiwa wameonewa, nao waambiwe jina lake kabla ya giza kuingia.

Baada ya kambi kuna tathmini. Kuuliza "Mlifurahi?" hakutoshi, kwa maana watoto hujibu wanavyoona mwalimu anataka. Baada ya mwezi mmoja mwalimu awaombe waandike, bila kutazama madaftari, mambo matano wanayoyakumbuka. Akikuta wanakumbuka chakula tu, ajue kwamba kazi hazikuwa na ulazima. Akikuta mtoto ameandika, "Mimi ndiye niliyelegeza kamba," ajue kwamba amefundisha. Na akimkuta mtoto ambaye karatasi yake haina kitu, amwite kando na kuzungumza naye kwa upole, maana huenda huyo ndiye mwenye habari inayomhusu mwalimu kuliko wote.

Kwa muhtasari, kambi za pwani ya Uskoti zilidumu kwa sababu watu wazima walifanya kazi nyingi ili watoto wapate kazi chache zilizo za kweli. Watoto wakakua wakazikumbuka zile chache. Mwalimu anayeanza kazi leo hatakumbukwa kwa ukurasa wake wa pili, naye asisikitike kwa hilo. Huo ndio unaowarudisha wote nyumbani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja kazi tatu zinazofanywa na wanafunzi katika shule uliyofanyia mazoezi. Je, kila moja ina sifa tatu zilizoelezwa katika makala hii?

2. Smith alikubali kutumia ukumbi badala ya mahema mwaka 1886. Je, ungewajibuje wazazi wanaokataa watoto wao walale nje ya nyumbani?

3. Mwulize mzee mmoja juu ya kambi au bweni alilokaa utotoni. Andika jambo moja alilolikumbuka vizuri, na jambo moja ambalo hakulitaja mpaka ulipomwuliza.

4. Andika ukurasa wa pili wa mpango wa kambi ya siku moja kwa darasa la wanafunzi 45 karibu na mto, ziwa au bahari.